Mlango wa Nyumba ya Mnada

Mambo haya yalitokea mwaka ule barabara yetu ilipowekwa lami. Hapana, nimesema vibaya. Lami ilikuja mwaka uliofuata, maana siku ya mnada nakumbuka dalali alisimama juu ya tofali, akikwangua tope kwenye soli ya kiatu kwa kijiti, huku akitangaza kwamba nyumba iko mahali pazuri. Basi ulikuwa mwaka wa kabla ya lami.

Fundi mwenyewe tulimwita Komeo. Kazi yake vitasa: kufungua vilivyokwama, kubadili vilivyochoka, na zaidi ya yote kufungua nyumba za watu walioshindwa mikopo. Benki ikishaichukua nyumba, na mwenyewe akaondoka na funguo mfukoni, dalali anampigia simu Komeo. Anafika na mkoba wake wa ngozi, anapiga goti mbele ya mlango kama mtu anayesali, na kabla hujamaliza kumsimulia habari za jana, kitasa kimeshalegea.

Halafu anafanya jambo alilofundishwa na fundi aliyemlea kazi. Anausukuma mlango kwa vidole viwili, anageuka, anaupa mgongo. Hachungulii. Mafundi vitasa wa zamani walikuwa na sheria hiyo: ukifungua nyumba ya mtu, geuka, ili kesho kijiko kikipotea asiwepo wa kusema macho yako yalikuwa ndani. Anasimama hivyo akitazama barabara mpaka asainiwe karatasi yake, kisha huyo, anakwenda zake. Jioni humwambia mkewe, "Leo nimefungua mbili."

"Nzuri?"

"Nitajuaje? Niligeuka." Na anasema kwa fahari, kama mtu aliyekataa rushwa.

Miaka ishirini na miwili aliifanya kazi hiyo. Alifungua nyumba zisizo na idadi, na hakuna hata moja aliyoiona sebule yake.

Sasa watu wa mtaani sheria hiyo hawakuijua. Wao walichojua ni kwamba kwenye kila nyumba ya mnada Komeo ndiye wa kwanza kufika, na mnadani mnunuzi haruhusiwi kuingia ndani; anaitazama nyumba kutoka barabarani na kuinunua ilivyo, mbuzi ndani ya gunia. Wakaanza kumfuata.

"Fundi, ile ya karibu na kisima ikoje?"

"Mlango wa mbao ngumu," anajibu Komeo. "Bawaba nne."

Muulizaji anaitikia kwa kichwa kama aliyepewa siri ya serikali. Anakwenda kununua, anapaka rangi, anauza kwa faida, anarudi na shukrani. Wakawa watatu hivyo, wakawa watano. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu hakutia maji, lakini alianza kuvaa koti akienda kazini.

Mkewe alikuwa muuguzi. Mtaa mzima ulimwita Sista, hata wale aliowapokea yeye duniani wakiwa sasa na ndevu. Mwaka huo, wa kabla ya lami, alistaafu akapewa kiinua mgongo. Walikuwa wakiishi vyumba viwili vya kupanga, choo cha kushirikiana, na ndoto ya Sista haikuwa kubwa: wapate nyumba ya kwao, wakae upande mmoja, upande wa pili wapangishe, uzee usiwafanye wa kuwapigia watoto simu kila mwisho wa mwezi. Pesa ile ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Haikuwa na mdogo wake nyuma.

Komeo akampeleka kuiona nyumba moja iliyotangazwa. Walisimama nje ya ukuta. Madirisha yalikuwa na pazia za maua, baraza ilikuwa na vigae, na mlango, mlango ule bwana, ulikuwa mzito kama deni. Kitasa chake cha shaba, komeo tatu.

"Ndani kukoje?" Sista akauliza.

"Mtu haweki kitasa kama kile kwenye banda la kuku," Komeo akasema.

Sista aliutazama mlango, akamtazama mumewe na koti lake. Kisha akasema, "Haya. Wewe ndiye fundi."

Siku ya mnada Komeo alitegemea kuwa na washindani wawili, labda na wao ni wapita njia. Dalali akataja bei ya kuanzia. Komeo akanyoosha mkono. Ndipo vichwa vikageuka. Mwalimu mkuu aliyekuwa anaondoka akarudi. Mwenye duka la vitambaa akamfinya shemeji yake: "Kama Komeo mwenyewe anaitaka, basi humo ndani mna kitu." Akapandisha. Mwalimu akapandisha. Komeo akaona watu wazima na akili zao wanaigombania nyumba, akajisemea, kumbe jicho langu ni zuri kuliko nilivyodhani. Akapandisha zaidi. Walisukumana hivyo mpaka kiinua mgongo kikafika ukingoni, na nyundo ikagonga kwa Komeo.

"Hongera," dalali akamwambia akimpa karatasi. "Mimi nilitegemea nusu ya hii."

Funguo hazikuwepo, lakini nani atamhurumia Komeo kwa kukosa funguo? Alipiga goti, akakifungua kitasa, akausukuma mlango kwa vidole viwili. Kisha akageuka akatazama barabara.

Sista akaingia. Komeo akasikia viatu vyake vikigonga sakafu, ko, ko, ko. Halafu havikugonga tena. Vilikuwa kama vinakanyaga majani.

"Mzee, hebu njoo."

"Tangulia tu."

"Mzee," Sista akasema taratibu, kwa sauti ile aliyokuwa akiwapa nayo wagonjwa majibu. "Hapa ni kwetu. Unaruhusiwa kutazama."

Akageuka. Chumba cha mbele kilikuwa kizima. Baada ya hapo ilikuwa mbingu. Mwenye nyumba wa zamani alijua wanunuzi wa mnada wanatazamia wapi, basi uso wa nyumba hakuugusa. Huko nyuma alibeba mabati, alibeba mbao za dari, milango, fremu, masinki, waya zote ukutani, na choo alikiacha tundu. Mboga ya maboga ilikuwa imetambaa kwenye korido, imeingia chumba cha kulala bila kubisha hodi, na imezaa.

"Pazia ni nzuri," Sista akasema.

Komeo alikwenda kwa dalali. Dalali akashangaa kweli kweli. "Fundi, si wewe ndiye unayejua ndani?" Akamwonyesha kwenye karatasi neno 'ilivyo', na sahihi yake chini.

Wakahamia chumba cha mbele. Ukipita barabarani ungeona mlango ule, pazia zile, na Komeo akitoka asubuhi na koti. Watu wakasema mzee katulia. Sista akarudi kazini, zahanati ya watu binafsi, kuchoma sindano nusu siku, ili mabati yanunuliwe mawili mawili.

Mwalimu mkuu akaja kumpongeza, na kuuliza habari za nyumba nyingine ya kona.

"Mwalimu, nikwambie ukweli," Komeo akasema. "Mimi sijawahi kuona ndani ya nyumba ya mnada. Sijui kitu."

Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu. "Fundi bwana. Ukishapata, unaziba njia." Akaenda kuinunua ya kona. Ilikuwa na paa zima na tangi la maji. Alimletea Komeo kuku wa shukrani.

Kuku yule alimkaa Komeo rohoni. Kesho yake alikuwa juu akigongelea bati la nane, Sista chini ameshika ngazi, amevaa sare tayari kwa kazi.

"Mama."

"Naam."

"Kila jioni nilikuwa nakwambia kwamba niligeuka."

"Uliniambia."

"Basi ulijua sijawahi kuona ndani."

"Nilijua, mzee. Pigilia pembeni hapo, upepo utalinyanyua."

Komeo akauliza lililofuata. Sista akatazama saa yake, akasema ngazi imesimama vizuri, akaenda kazini. Jioni akamuuliza tena, akapewa chai. Amemuuliza mwaka wa lami, amemuuliza nyumba ilipopata paa lote. Aliwauliza watoto, wakasema muulize mama. Mimi mwenyewe aliniuliza tukiwa tumekaa barazani kwake, Sista yuko ndani akituchungulia dirishani.

Kama ulijua, mama, pesa zako ulinipa kwa nini?