Nani Alifunga Geti la Nyikani

Una Geddes alikuwa na ugomvi wa kudumu na maji. Wengine katika bonde lile waligombana na majirani, au na serikali, au na waume zao. Yeye mume alishamzika na majirani alipatana nao, basi akabakiwa na maji. Mvua ikianza kupiga paa, yeye huwaza ni mtaro upi utakuwa umeziba kesho. Kazi yake ilikuwa kutunza njia ya baiskeli inayoanzia kando ya ziwa Fearnaig, ikapenya msitu wa misonobari, ikatokeza juu kwenye nyika ya kinamasi, kisha ikateremka upande wa pili mpaka ziwani tena. Wageni walikuja na baiskeli za bei ya gari, wakashuka na matope hadi masikioni, wakasifu mandhari. Njia hawakuisifu, utadhani ilijiotea kama uyoga. Kila jiwe lililolazwa juu ya ule udongo mweusi lilipita mikononi mwa Una, na mgongo wake ni shahidi.

Kazi yenyewe aliipata kwa bahati tu. Alikuwa akifua mashuka hotelini, hoteli ikafungwa, na kamati ya kijiji ikawa inatafuta mtu wa kuzibua mitaro kwa msimu mmoja. Wanaume wote wakainamia viatu vyao. "Nitafanya mimi," Una akasema, "ila nisimwone mtu anakuja kunionyesha sepetu inavyoshikwa." Msimu ukazaa msimu. Kuendesha baiskeli kule milimani alijifunza ukubwani, na siku ya kwanza alianguka mbele ya kanisa watu wakitoka ibadani. Aliinuka, akajipangusa, akawaambia waliocheka waje wajaribu wao. Hakuna aliyekwenda.

Njia ile isingekuwapo bila Murdo Gillanders. Kipande chote cha juu kilipita kwenye malisho ya kondoo wake, na ridhaa aliitoa kwenye mkutano wa kijiji kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasahau. "Piteni," alisema, "lakini siku mtu wa magurudumu atakapochezea geti langu, njia yenu mtaipitishia ziwani, chini ya maji." Watu walicheka. Una hakucheka, maana alimjua mzee huyo tangu utotoni, na hakuwa mtu wa kutisha bure.

Geti lenyewe liko juu, kwenye ukuta wa mawe unaotenga nyika na msitu. Huko mtoto huinyonya sheria hii pamoja na maziwa: geti liache ulivyolikuta. Likiwa limefungwa, lifunge. Likiwa wazi, liache wazi, maana aliyeliacha hivyo ana sababu yake. Una ndiye aliyewafundisha wageni, kila kiangazi, na wageni waliitikia kwa adabu kisha wakaacha wazi geti lililokuwa limefungwa. Alikuwa amefunga nyuma yao mara nyingi mno, hata mkono ukazoea kufunga bila kukishauri kichwa.

Basi ikawa mwezi wa Aprili, asubuhi kavu yenye jua, Una alipanda na sururu yake akalikuta geti liko wazi, limeegemezwa jiwe. Jana yake kulikuwa na mashindano ya baiskeli. "Hivi hawa watu hawakulelewa?" akafoka peke yake. Akalisukuma jiwe kwa buti, akafunga, akatia komeo, akaenda zake mitaroni, ameridhika kama mtu aliyetoa sadaka.

Kesho yake ikaanguka theluji. Wenyeji huiita theluji ya wanakondoo, kwa kuwa huja wakati majike yanapokaribia kuzaa, na humuumbua kila aliyekwisha kukunja sweta lake. Kondoo wa nyikani hawangoji kuambiwa. Hunusa hali ya hewa kabla ya redio, wakajipanga, wakateremka wenyewe hadi msituni penye kinga. Mradi geti liwe wazi.

Mairead, binti wa Murdo, alimgongea Una mlango kabla hajamaliza uji.

"Dada Una, vaa twende. Kondoo wa baba wamekwama juu. Geti limefungwa."

Kijiko cha Una kilibaki hewani. "Limefungwa?"

"Alisahau kulifungua. Kila mwaka hulifungua siku kama hizi, safari hii kasahau. Haya, vaa!"

Walipanda kwa miguu, Murdo mbele na mbwa wake, upepo ukiwatia theluji machoni. Waliwakuta kondoo wamejibana ukutani, wale wa nje wameganda manyoya. Murdo alifungua, akaita, wakaanza kupita mmoja mmoja. Wengine miguu ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi wakokotwe. Una alimkumbatia mmoja akimvuta, akahisi kitoto kikicheza ndani ya tumbo lile, akamwomba Mungu, ambaye yeye hakuwa na desturi ya kumsumbua. Kufikia alasiri wote walikuwa chini ya misonobari wanatafuna majani makavu, na hakuna aliyekufa. Una alitaka kufurahi. Akashindwa.

Jikoni kwa Murdo, Mairead akamimina chai. Mzee alikaa na koti lake, maji yanamdondoka.

"Ningeapa nililifungua," alisema. "Naliona jiwe, naona na mkono wangu unaliweka."

"Baba, hata jiko uliapa umelizima. Birika likaungua."

"Birika ni birika."

"Na miwani kwenye friji?"

Murdo aliitazama mikono yake kama vitu alivyoazimwa. "Basi," akasema. "Mpigie yule mnunuzi wa kondoo unayemtaja kila siku, aje kesho na trela awachukue wote. Mtu asiyejua jana alifanya nini hana haki ya kushika roho za viumbe."

Mairead hakujisikia mshindi. Aligeukia sinki, akaanza kuosha vikombe vilivyo safi, mabega yanamtikisika. Una alikuwa na skonzi mkononi asiyoiuma. Neno lilimjia hadi kwenye ulimi: ni mimi. Papo hapo akaiona njia yake yote, mawe yote, miaka yote, inadidimia ziwani. Akalimeza neno, akaaga.

Tusimhukumu upesi. Mwenye vitu vingi hutoa kimoja bila kuumia. Mwenye kimoja hukishika kwa meno. Lakini nyumbani Una hakula, na kila alipofumba macho alimwona mzee anaitazama mikono yake. Asubuhi akapanda baiskeli kwenye theluji iliyokwisha kuwa matope, akakanyaga kama anayefukuzwa. Gari lenye trela lilikuwa tayari uani. Mnunuzi yuko kwenye usukani, Murdo kasimama pembeni na fimbo, Mairead karibu naye.

"Mzee Murdo, nina neno."

"Sema upesi, mwenye trela ananingoja."

"Geti nililifunga mimi."

"Sema tena," Murdo akasema.

"Nililikuta wazi, nikadhani ni wale wa mashindano. Nikasukuma jiwe, nikafunga. Wewe hukusahau, mzee. Ulilifungua. Na jana nilikaa hapa kwako nakunywa chai yako, nikanyamaza, kwa kuiogopea njia. Ifunge ukitaka, una haki. Sikuja kuiombea."

Murdo akamsogelea. "Jiwe lilikuwa wapi?"

"Chini, upande wa bawaba."

"Bapa?"

"Bapa, lina ukoga mgongoni."

"Ndilo!" alipiga kelele. "Ndilo lenyewe, Mairead, unasikia?" Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Akamkamata Una mabega yote mawili, akamtikisa. "Mjinga wee! Mwanamke mzima, umezaliwa hapa hapa, unafunga geti lililoegemezwa! Hata mtalii hafanyi hivyo! Ungenimalizia kondoo!" Alitukana hivyo huku anacheka, huku analia, na hakumwachia. "Unajua nililalaje, binti? Najitafuta humu kichwani, sijioni."

"Nisamehe, mzee."

"Nyamaza, sijamaliza kukutukana."

Una alicheka kwa kwikwi. Kifua kilichombana tangu jana kilifunguka chote kwa mkupuo, akavuta pumzi, baridi ikamwingia tamu.

"Na birika, baba?" Mairead aliuliza, naye uso umelowa.

"Birika nililiunguza. Nani hapa hajaunguza birika? Na miwani niliiweka mwenyewe. Lakini geti nililifungua!"

"Na njia?" Una alijikuta anauliza, sauti chini.

"Hilo nitaliamua nikikasirika. Leo siwezi."

Mnunuzi alitoa kichwa dirishani. "Mzee, sasa napakia au sipakii?"

Murdo akamshika Una mkono, akamvuta matopeni hadi kwenye lile dirisha. "Mwambie na huyu," alisema. "Polepole, asikose hata neno. Mwambie geti nani alilifungua."