Houston, kwa Mshika Mpira wa Kaka Salim

Kwetu Tudor, Mombasa, kaka yangu Salim alikuwa na jina la utani: Bingwa wa Sekunde Mbili. Alikwenda Texas kusoma uhandisi akiwa kijana. Huko chuoni wakamwona anavyopiga shuti, wakamtia kwenye timu ya ile kandanda yao ya mikono, futiboli ya Kimarekani, na msimu mmoja timu ikatwaa ubingwa kwa shuti lake la sekunde mbili za mwisho. Kila akija likizo alitusimulia, na kila mara binamu yetu Athumani alimkata kauli: "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Mwaka huu wachezaji wa msimu ule wakaitana Houston, na Salim akataka mtu wa kwao akashuhudie. Nikafunga mizigo, nusu kwa mapenzi, nusu kwa umbeya.

Irving, mji wa Texas anakokaa, ni karibu mno na uwanja wa ndege. Ndege ikipita, vikombe vinatetema kabatini. Wifi yangu Zuhura, Mzanzibari, alinipokea kwa pilau na malalamiko.

"Wifi, kaka yako hashikiki! Kila jioni yuko garage ana-practice mateke, na magoti yenyewe ndiyo hayo."

Salim alichukua embe mezani, akalisimamisha kwa ncha ya kidole ili nielewe kazi yake. "Mpira wao una ncha, Maryamu, hausimami wenyewe. Kuna mtu anapiga goti, anaudaka, anausimamisha hivi, nami nina-kick kabla yale majitu hayajatufikia. Mtu wangu alikuwa Dale."

"Na hakuogopa utamvunja kidole?"

"Hakukiondoa hata siku moja." Akalirudisha embe sahanini. "Sasa miaka hajibu simu zangu. Nataka kujua nilimkosea nini."

Asubuhi tukashika barabara ya Houston, sisi wawili, maana Zuhura alikuwa na zamu hospitali. Nchi tambarare, haina mwisho. Tulisimama kwenye kituo cha petroli kikubwa kuliko soko letu zima, nikazubaa mlangoni hadi watu wakaniomba njia. Salim hakucheka.

"Dale akinipa kisogo, utanirudisha nyumbani?"

"Kwa gari gani, kaka, na mimi siwezi hata baiskeli?"

Houston ilitupokea kwa joto la kwetu kabisa, lakini ukumbi wa hoteli ulikuwa baridi hata nikajikunja ndani ya buibui. Mapande ya wazee, wengine na mikongojo, yalipomwona Salim yalipiga ukelele, yakamnyanyua juu miguu ikaning'inia. Walikuwa wakilia waziwazi, kama watu waliopo matangani. Nilishika mdomo. Kumbe yote yalikuwa kweli, na sisi tulimcheka!

Dale alikuwa pembeni na mkewe, Carol. Salim akaenda, mikono mbele. Dale akampa mkono kwa adabu, kama anayemsalimia mhudumu, akamwambia amefurahi kumfahamu.

Nilimwona kaka yangu akinywea. Carol akamvuta kando.

"Usimchukulie vibaya. Siku nyingine hata mimi hanijui. Madaktari wanasema ni vile vishindo vya kichwa." Mbali na kumshikia Salim mpira, Dale alikuwa mlinzi, na kazi ya mlinzi ni kugongana. "Simu nilizima mimi. Sauti asizozijua zilikuwa zikimtisha."

Ubingwa ule tulioufanyia mzaha ulikuwa umemla mtu.

Salim akarudi nyuma. Nilidhani anaondoka. Kumbe anapima hatua, nyuma, kisha pembeni, akalegeza mabega, akamwashiria Dale kwa kichwa.

Dale akapiga goti. Wallahi, mzee yule alipiga goti juu ya zulia, akadaka mpira usiokuwepo, akausimamisha, kidole juu. Salim akatupa mguu, na magoti yake mabovu. Dale akafuata kwa macho mpaka ukutani.

"Imeingia?"

"Imeingia, Dale."

"Kwa hiyo tumeshinda?"

"Tumeshinda."

Uso wa Dale ukafunguka, akamkumbatia Salim kwa nguvu. Carol alikuwa ameziba uso. Baadaye, tukila, Dale akauliza tena kama tumeshinda. Salim akaweka uma chini, akamjibu, na furaha ikaja ileile, mpya kabisa. Akauliza tena, akajibiwa tena.

Njiani kurudi Irving, Salim alisema neno moja tu: "Hakunikasirikia." Akafuta macho kwa mkono wa shati.

Nimerudi Tudor. Athumani alikuja kuchukua zawadi yake, akaanza, "Mla ni mla leo..." Nikamkalisha, nikamsimulia habari za Dale mwanzo hadi mwisho. Hakuimaliza methali yake. Mimi nami nimejifunza kwamba yuko mtu ambaye aliyoyala jana ndiyo chakula chake pekee cha leo, na lazima awepo wa kumpakulia.

Kila Jumamosi Salim hupiga simu, na Carol humwekea Dale sikioni. Zuhura aniambia yeye huwa jikoni, hasikii maswali. Husikia tu mumewe akisema, kama mtu ambaye filimbi ya mwisho ndiyo kwanza imelia: "Tumeshinda!"