Kichwa Kilichosukwa Nusu

Dada yangu ni msusi, na kichwa chako kikiwa mikononi mwake utasema hata usiyokusudia kusema. Bintiye alikuwa akipigwa shuleni na kunyang'anywa chakula na kundi la wanafunzi. Dada alipokwenda kulalamika, mwalimu mkuu alimjibu, "Mama, ni wewe tu unayelalamika." Jibu gani hilo? Dada alirudi amefura.

Kesho yake saluni, dada alipokuwa akisimulia hayo, mteja aliyekuwa akisukwa akaguna. Mwanawe naye anaonewa na kundi hilohilo, na yeye pia aliambiwa ni yeye tu anayelalamika. Wawili waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu wakatazamana. Hata wao waliambiwa hivyo.

Dada akaweka kitana mezani. "Vaeni viatu, twende."

"Na kichwa changu?" mteja akauliza. Upande mmoja ulikuwa umesukwa, wa pili timtim.

"Nitamalizia tukirudi. Kwani tunaenda harusini?"

Mwalimu mkuu akawatazama wote wanne, akauliza kuna nini.

"Kila mmoja wetu ulimwambia yuko peke yake," dada akasema, akivuta kiti. "Basi tumekuja wote tulio peke yetu. Anza na huyu, nywele zake zinasubiri."