Mpika Udongo wa Ilongero

Saa moja asubuhi, Ilongero. Mwantum Abdulhamidi anachekecha udongo wa kitalu, anatoa kipande cha waya kilichojificha ndani, anaunyunyizia maji, kisha anaujaza kwenye bakuli la plastiki. Haupeleki kitaluni. Anauingiza kwenye maikrowevu kuukuu, ile ya kupashia chakula, iliyowekwa barazani. Anafunga mlango, anabonyeza kitufe.

Harufu inayotoka ni ya mvua ya kwanza. Wapita njia wanageuza shingo.

"Waangalie tu," anasema. "Mwanzo niliiweka uani. Waliposema napika uchawi, nikaihamishia hapa mbele."

Mama huyu anauza miche ya nyanya. Mwaka jana ugonjwa wa mnyauko ulimwangusha: miche aliyomuuzia Mzee Manase, mkulima wa jirani, ililala shambani ikiwa bado ya kijani. Mzee alimfuata gulioni, akapindua trei zake mbele ya wateja.

"Unatuuzia ugonjwa! Toka hapa!"

Mwantum aliokota miche mmoja mmoja, akaipanga tena, akakaa. Wiki hiyo hakuuza hata mmoja. Iliyofuata, vilevile. Hakuhama.

Nyumbani, miche iliyobaki nayo ikaanza kulegea. Akajua ugonjwa umo kwenye udongo wake. Afisa ugani alimshauri auchome moto, gharama ya kuni ikamshinda. Ndipo kaka yake Mselemu, fundi wa vyombo vya umeme mjini Singida, alipomletea maikrowevu iliyotelekezwa na mteja.

"Unyevu wa ndani ya udongo ndio unaochemka," Mwantum anaeleza. "Vijidudu vinakufa, mbegu za magugu zinakufa. Udongo ukishapoa, ndipo nasia mbegu."

Umeme wa Luku, wa kulipia kabla, unakwisha mbio, na kwa siku hamalizi zaidi ya ndoo tatu. Shamba zima hawezi, na wateja anawaambia wazi: miche itatoka safi, yatakayoipata shambani ni juu yao.

Msimu huu Mzee Manase alirudi gulioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia miche yako imesimama. Nifungie trei mbili."

"Sifungi kwanza. Chagua mche, ung'oe, kagua mizizi. Hapa hapa, watu waone."

Mzee aling'oa mmoja, akaugeuza juani. Akang'oa wa pili. Mizizi ilikuwa myeupe. Akalipa.

Sasa Mwantum anatafuta maikrowevu ya pili, awapikie udongo wauza miche wenzake, hata waliomcheka.

"Anayeniita mchawi aje," anasema akifungua mlango, mvuke ukimpiga usoni. "Ila asije mikono mitupu. Aje na ndoo ya udongo wake."