Redio ya Spika Tano

Baba yangu aliendesha mashine ya kusaga kwa zaidi ya miaka thelathini, kijijini kwetu jirani na Kinampanda. Alisaga mahindi, mtama na uwele, na msimu wa alizeti alihamia chumba cha pili kwenye mashine ya kukamua mafuta. Alirudi nyumbani mweupe hadi kwenye kope, akiongea kwa sauti ya juu kana kwamba mashine bado inanguruma mgongoni mwake. Sisi watoto tulidhani akina baba wote huongea hivyo. Hakuna aliyefikiria masikio yake.

Alipoacha kazi ndipo tukaanza kuelewa. Yeye hakukubali. Alikuwa na mbinu zake: mtu akiingia uani na kufungua mdomo, baba alikuwa ameshajibu "marahaba", kwa kuwa katika umri wake karibu kila anayeingia huanza na shikamoo. Mara nyingi alipatia, na wageni wengi waliondoka bila kujua kwamba hakusikia hata neno moja.

Siku moja hakupatia. Jirani yetu, mdogo kwake kwa miaka kama kumi, aliingia asubuhi akihema. Baba alikuwa amekaa kibarazani. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko na aliona kila kitu.

"Kaka," jirani alisema, "mama ametutoka."

Baba akatabasamu. "Marahaba, marahaba," akasema, akamwonyesha kiti. "Karibu sana."

Jirani akageuka akaondoka. Mama alimkimbilia hadi njiani, akamweleza, akamwomba radhi, lakini mtu aliyefiwa asubuhi ile hana nafasi ya kusikiliza maelezo. Baba alipata habari ya msiba baadaye, mama alipomwonyesha kwa ishara. Alienda, akalala matangani, akashika jembe makaburini pamoja na wengine. Hakujua kwa nini tangu siku ile jirani alimpa mkono kwa ncha za vidole.

Nani angemwambia? Kumwambia baba jambo lolote ilibidi upige kelele, na nyumba yetu iko kando ya njia ya kwenda kisimani. Jambo la namna ile ukilipigia kelele, kitongoji kizima kinalisikia. Isitoshe, mama yangu ana sauti ndogo. Tangu nimfahamu sijamsikia akiita mtu kutoka mbali, humfuata alipo. Basi neno lile likakaa ndani ya nyumba karibu miaka miwili, mama akilijua, mimi nikilijua kwa simu, na mwenyewe halijui.

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya msingi Ikungi, na bado nipo. Likizo moja nilikwenda nyumbani nikamkuta baba mbele ya televisheni, sauti ameipandisha hadi mwisho, kile kispika kidogo kinakwaruza. Mama alikuwa amekimbilia jikoni na kichwa kinamuuma. "Anasikia?" nikamuuliza. "Anatazama tu midomo yao," mama akasema. Nikaamua kutafuta sabufa kubwa.

Singida mjini kuna duka la vifaa vya umeme la familia yenye asili ya Kihindi, watu waliozaliwa pale na ambao babu zao walizaliwa pale. Kwenye kaunta alikaa mzee mmoja mwenye shati jeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nikusaidie nini?"

Nikamweleza habari za baba, huku nikinyoosha kidole kwenye masabufa marefu yenye taa za rangi rangi. Akatikisa kichwa.

"Sauti kubwa siyo dawa," akasema. Akageuza shingo akanionyesha kifaa kidogo kilichokuwa ndani ya sikio lake. "Mimi ni mwenzake. Sauti tunaisikia. Maneno ndiyo hatuyapati. Ukiniongezea sauti umeniongezea fujo tu."

Akaniletea boksi lenye hom thieta, redio ya kuunganisha na televisheni, ya jina ambalo sijawahi kulisikia: risiva nyeusi nyembamba, spika ndogo tano na sabufa yake. Ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani. "Usitegemee makubwa," akaniambia. "Lakini hii spika ya katikati ndiyo inayotoa maneno ya watu. Unaipandisha peke yake, na sabufa unaishusha mpaka chini kabisa. Nyumbani kwangu natumia hii hii."

Nilifika kijijini jioni, boksi nimelipakata kwenye bodaboda tangu Kiomboi. Karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya boksi haikunisaidia, nikabahatisha nyaya. Spika moja ya nyuma haikutoa sauti tangu siku ya kwanza, nikaiacha. Nilipandisha ile ya katikati kama mzee alivyonielekeza, nikazima kabisa mtetemo wa sabufa. Msomaji wa habari alikuwa anaanza.

Baba alisogeza kiti. Akainamisha kichwa. "Amesema mvua," akasema. Kisha: "Ametaja Singida. Anasema wakulima waandae mashamba mapema." Mama alikuja akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Baba alituhadithia taarifa nzima ya habari, sentensi baada ya sentensi, kana kwamba viziwi ni sisi.

Kesho yake redio ikazima yenyewe saa nne asubuhi, na ilipowashwa ikazima tena. Nikapiga simu dukani.

"Mmeifunika kitambaa?" mzee akauliza.

Nikatazama. Mama alikuwa ameifunika kitambaa chake cheupe alichokidarizi maua, kama anavyofunika kila kitu cha thamani.

"Mwambie mama kitambaa kikae chini yake, siyo juu. Inatoa joto sana hiyo."

Tangu hapo haikuzima tena.

Ndani ya boksi kulikuwa pia na maiki ya plastiki, ya watu wanaopenda kuimba nyumbani, na mbele ya risiva kulikuwa na tundu lake. Pembeni yake kulikuwa na tundu la hedifoni. Sikuwa nimeyafikiria hata kidogo. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, nikachomeka hedifoni zangu nione kama zinafanya kazi, nikamvalisha baba, nikashika maiki nikasema taratibu, "Baba, unanisikia?"

Akashtuka. "Mbona unapiga kelele?" akasema.

Nilikuwa nimenong'ona.

Kisha nikampa mama maiki. Alikataa, akasema yeye siyo mwanakwaya. Baadaye akakaa kwenye kigoda, akaishika mbali na mdomo kama kitu cha moto, akamuuliza kwa Kinyiramba kama amekunywa dawa ya presha.

"Nimekunywa," baba akajibu kwa adabu kubwa, kama mtu anayejibu simu ya wilayani. Tukacheka wote watatu.

Mama alipoacha kucheka alinitazama. Nikaelewa, nikachukua ungo wa maharage nikaenda kuchambua nje. Sikusikia alichosema, kwa sauti ile ya mama, hata aliyekaa dirishani asingesikia. Nilimaliza ungo mzima baba akiwa bado ndani.

Alitoka amevaa koti lake la kanisani.

"Kwa nini hamkuniambia?" akaniuliza.

Akashika njia ya kwa jirani, na mama akamwangalia mpaka alipopotea kwenye alizeti.

Saa moja haikupita, wakarudi wawili, jirani amemshika mkono. Ni jirani aliyenisimulia yaliyotokea kule. Baba alisimama mlangoni kwake akasema, "Siku ile sikukusikia. Nilidhani unaniamkia. Mimi ni kiziwi." Sisi wanawe hatukuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Jirani alimjibu, akamjibu tena, akaona baba anamtazama tu midomo. Ndipo baba akamwambia, "Twende nyumbani. Kuna kitu utaongea nacho."

Mama akamwachia kigoda. Jirani akashika maiki kwa mikono miwili. Nilitaka kutoka, akaniambia nikae.

"Kaka," akasema, "siku ile wewe ndiye niliyekuja kumwambia wa kwanza, hata kabla ya ndugu zangu. Mama ndiye aliyeniambia. Alisema, nikifa kamwambie yule wa mashine, maana alinisagia miaka ya njaa bila kunirudisha nilipokosa pesa."

Baba alifumba macho akizishika hedifoni kwa mikono yote. "Pole, mdogo wangu," akasema. "Pole sana." Akampa pole yote, na majina ya ukoo ndani yake, kama inavyopasa kutolewa siku ya kwanza. Jirani aliipokea akilia.

Kwa kuwa alikuwa ameshalitamka lile neno, haikuwa vigumu tena kumpeleka hospitali mjini. Daktari alisema sikio la kushoto limekwisha, la kulia linaweza kusaidiwa, na leo baba ana kifaa chake anachokivaa kanisani na kwenye vikao. Nyumbani hukivua, anasema kinampigia miluzi.

Wapo walimu wenzangu Ikungi walionunua redio ya jina lile lile. Ya mmoja iliungua, ya mwingine rimoti iligoma mwezi wa pili, nao huisema vibaya, na sibishani nao kwa sababu wanasema kweli. Ya kwetu sasa imebaki na spika tatu zinazotoa sauti. Niliporudi dukani kumshukuru yule mzee, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na mama, anaongea?"

Anaongea, nikamwambia. Kila baada ya chakula cha mchana anakaa kwenye kigoda na maiki yake. Likizo iliyopita nilipita sebuleni nikaona baba anatikisika kwa kicheko, machozi yanamtoka, na mama amekaza uso, anaendelea kusimulia. Nikapita kimya kimya kwenda kuteka maji.