Siku Babu Alipokuwa na Adabu

Asubuhi ile pale lamboni, kijijini kwetu Chemba, Babu alikuwa akimtukana Mzee Masanja kama kawaida yake.

"Masanja, maziwa yote unanyonya wewe. Ndama wanakuita kaka."

"Afadhali mimi, mla mlenda," akajibu Mzee Masanja huku akinywesha ng'ombe. "Wewe hata ukitembea unateleza."

Kabila letu la wakulima na lao la wafugaji ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hana breki. Anakutukana hadi msibani, na ukinuna umeshindwa wewe. Sasa niko kidato cha tatu na walimu wananiuliza utundu huu nimeusomea wapi. Niliusomea pale lamboni nikiwa darasa la tano, bila ada.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Maji yakapungua, ng'ombe wakaingia kwenye mtama wetu, vijana wetu wakawakatakata kwa mapanga, vijana wao wakachoma ghala. Kesho yake Babu akakutana na Mzee Masanja njiani.

"Habari za asubuhi, mzee."

"Nzuri, mzee mwenzangu."

Wakapita. Nikaogopa. Sikuwahi kumwona Babu ana adabu kiasi kile.

Jioni vijana wao walikuja.

Filimbi kwanza. Halafu moshi.

Mama akanisukuma uvunguni. Nilikuwa na vichekesho vingi siku hizo. Mle uvunguni sikukumbuka hata kimoja.

Baba mdogo Yona alitoka kwenda kuwafungulia mbuzi.

Hakurudi. Mshale ulikuwa wa nani, hadi leo hakuna anayejua.

Siku ya kumzika, vijana wetu walisimama na mapanga, wakingoja tumalize ndipo waende kulipiza. Mara Mzee Masanja akatokea, peke yake, hana hata fimbo. Akapita katikati yao, akashuka kaburini, akalala chali, kama watani wafanyavyo misibani.

"Yona haingii humu," akasema kutoka chini. "Mla mlenda huyu atateleza hadi kuzimu. Nizikeni mimi."

Panga moja likainuka.

Wote tukamtazama Babu. Akinuna, basi tena.

Babu akachungulia shimoni. "Toka humo, Masanja. Utaninukishia maziwa kaburi la mwanangu."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mbele ya jeneza, na Mama akanizaba kofi. Lakini Bibi naye alikuwa amecheka, kisha akalia kilio ambacho kilikuwa kimemkwama tangu jana yake. Panga likashuka.

Babu akampa Mzee Masanja mkono, akamvuta juu.

"Na mimi nimetoka kuzika," Mzee Masanja akamwambia taratibu. "Mdogo wangu, naye hakurudi jioni ile. Nilikungoja uje unitukane."

Babu akamkung'uta udongo mgongoni. Ndiyo mara pekee niliyomwona ameshindwa.

Mapigano hayakurudi. Ila masika yaliyofuata Mzee Masanja alihama na ng'ombe wake kuelekea kusini, na hatujapata habari zake. Bwenini kwetu tuko wa makabila yote, nami nawatania wote. Anayenirudishia tusi nalala kitanda cha pembeni yake kwa amani. Anayenisalimia kwa heshima nyingi, huyo namchunga.

Likizo nikirudi, Babu hunichukua hadi lamboni. Hutazama ng'ambo ya maji, hutupa tusi moja, kisha hutega sikio, kama mtu anayempa mwenzake zamu.