Asubuhi Nilipokatazwa Kufagia

Kiwanda kiko nje kidogo ya mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara, na nyumba yangu inatazamana na uzio wake. Ndani ya matangi wanafuga chachu waliyoibadilisha vinasaba, itoe kitu cha kuchanganya kwenye chakula cha kuku. Mume wangu alikuwa akiosha matangi hayo. Alikufa kwa kifua. Tangu tumzike nyuma ya nyumba, binti yetu alikuwa akinisihi nihamie kwake Nzega.

"Mama, hewa hiyo ndiyo iliyomla baba," alisema.

Sikutaka kuliacha kaburi, lakini sikujua kama asemalo ni kweli.

Kwa hiyo wapimaji wa hewa walipokuja kuangalia kama chachu hiyo inatoka nje ya uzio, niliwapa uwanja wangu, maana upepo wa asubuhi hutoka kiwandani kuja kwangu. Dada mmoja kati yao akaniamkia, akapanga mezani visahani vilivyo wazi, vyenye kitu kilichoganda kama uji uliopoa.

"Hivi vinaotesha karibu kila kidudu kitakachodondoka," akanieleza. "Hivi vyekundu vina dawa inayoua vidudu vingine. Humo haioti ila chachu ya kiwandani."

Akaniomba nisifagie, vumbi lisije likaharibu kipimo.

Kwetu, uwanja ambao haujafagiwa mpaka jua limepanda ni uwanja wenye msiba. Jirani yangu alipita, akatazama, akarudi na wenzake wamejifunga khanga.

"Ni nani tena?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hajafa mtu. Nimekatazwa kufagia."

"Na sisi tumeshabeba sukari. Bandika chai basi, tukulilie wewe mwenyewe ungali hai."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Yule dada hakuwafukuza. Aliandika tu kwamba wageni wamefika, nao wakakaa wakiongea mpaka chai ikaisha.

Baada ya siku chache alirudi na visahani vimefunikwa. Vyekundu vilikuwa vitupu. Vile vingine vilijaa madoa ya manjano, meupe, ya waridi, na moja lilikuwa na manyoya kama kifaranga. Nilikishika kimoja kwa mikono miwili. Hewa hiyohiyo nilikuwa nimeitazama asubuhi ile nikaona haina kitu.

"Haya yote yametoka wapi?"

"Kwenye udongo, majani, ng'ombe. Mengine, mama, vinywani mwa wageni wako."

Nikalitazama tena doa la waridi. Huenda ilikuwa pumzi ya mtu aliyekuja kunipa pole.

"Na hewa ile aliyoivuta mume wangu?"

Akakigusa kwa kidole kisahani nilichoshika. "Hiki kinasema hewa ya asubuhi ile, hapa uwanjani. Aliyoivuta yeye kule ndani, hakiwezi kuisema."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Jioni nilimpigia binti yangu, nikamweleza yote mawili, lililopimwa na lile ambalo sitalijua.

"Kwa hiyo unabaki," akasema.

"Nabaki. Wamesema watarudi kupima. Siku vyekundu vikiota, uje unichukue."